Uzi wa klauni wa dizaini kwenye tangi la matumbawe: angalia mwili kwanza, rangi baadaye

MkaziWaMwamba

Wakuu, salaam.

Mtu akiweka picha ya klauni wa dizaini, yaani samaki klauni aliyezalishwa na wafugaji kwa ajili ya rangi zisizo za kawaida, mweupe pe au mweusi tii, tunashangilia, anatajiwa jina la kibiashara, mjadala unaisha. Hatuulizani samaki huyo anapumua vipi, taya limekaaje, anakula nini. Ndiyo sababu ya uzi huu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: klauni wa dizaini ni klauni yuleyule, anataka maji yaleyale na nafasi ileile, na rangi ndiyo kitu cha mwisho kuangalia unapomchagua.

Tuanze na ukoo wao. Wengi wa klauni hawa wametokana na aina mbili, Amphiprion ocellaris na Amphiprion percula. Ocellaris ni wa Asia ya Kusini-Mashariki mpaka kaskazini mwa Australia. Percula ni wa Papua New Guinea, Visiwa vya Solomon, Vanuatu na kaskazini mwa Queensland. Kwa haraka utawachanganya, maana wote ni wa rangi ya machungwa na mikanda mitatu myeupe. Percula mara nyingi ana weusi mnene kandokando ya mikanda, na miiba ya pezi lake la mgongoni kwa kawaida ni 10, wakati ocellaris huwa na 11. Wapo pia ocellaris ambao ni weusi kwa asili, wanaotoka maji ya Darwin, Australia. Hao hawakubuniwa na mtu. Wafugaji waliwazalisha na Snowflake, yaani ocellaris ambaye weupe wa mikanda yake umetawanyika na kuwa na kingo za menomeno, na huko ndiko alikotoka Black Ice.

Sasa jeni, kwa ufupi tu. Picasso, yaani percula ambaye mikanda yake myeupe imepanuka na kupinda, amebeba nakala moja ya jeni iliyobadilika. Ukikutanisha Picasso wawili, kwa wastani robo ya vifaranga watatoka wa kawaida, nusu watakuwa Picasso, na robo watapata nakala mbili. Hao wa mwisho ndio Platinum, weupe karibu mwili mzima. Kwa hiyo Platinum na mwenzake wa kawaida wa machungwa wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, waliolelewa beseni moja. Ukilijua hilo, huwezi kudanganywa kwamba mweupe anahitaji chakula cha pekee au maji ya pekee.

Ukisimama mbele ya tangi la muuzaji, usianze na mikanda. Anza na shavu. Kifuniko cha shavu kinatakiwa kifunge mpaka mwisho, pande zote mbili. Ukiona matamvua mekundu yanachungulia nje wakati samaki ametulia, kifuniko ni kifupi au kimejikunja, na usitegemee kwamba kitarekebika. Halafu msubiri akugeukie uso kwa uso: mdomo ufunge sawasawa, taya la chini lisiende upande, paji la uso lisiwe limebonyea. Klauni huogelea kwa kuyumbayumba, hilo ndilo tabia yake. Kulala ubavu, au kuganda juu ya maji akihema, hilo ni tatizo. Mwisho kabisa, omba alishwe ukiwa unaona. Klauni aliyezalishwa kwenye tangi anatakiwa kukimbilia punje kavu. Akizipuuza, muache hapo hapo hata kama rangi yake imekukosesha usingizi.

Kuhusu maji sitaandika mengi kwa sababu klauni si msumbufu. Joto nyuzi 25 hadi 27, chumvi 35 kwa elfu ambayo kwenye kipimo cha uzito wa maji ni kama 1.026, amonia na naitraiti sifuri. Matumbawe ndiyo yatakayokudai zaidi: alkalini kati ya 8 na 9 dKH (ndicho kipimo chake), kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi karibu 1,300, na yote yasipandepande na kushuka. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Na tangi jipya liachwe lijenge bakteria zake kabla ya samaki yeyote kuingia. Wiki 4 hadi 6 ni kawaida, na vipimo ndivyo vitakavyokwambia kama limekomaa.

Nawasilisha. Karibuni.

Chumvi35

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu, hiyo ya kutazama shavu sikuwahi kuisikia kwa muuzaji yeyote. Endelea.

Kipepeo_Bahari

Asante mkuu kwa uzi. Naomba kuuliza. Tangi langu ni la lita 120. Nataka niweke wanne: Snowflake mmoja, Platinum mmoja, Black Ice mmoja na wa kawaida mmoja ili rangi zipendeze. Inawezekana?

MkaziWaMwamba

Kipepeo, wawili. Kwa lita 120 wawili wanatosha na watakaa kwa raha.

Sababu ni maisha yao yalivyopangwa. Klauni hakuanguliwa jike. Wote huanza wakiwa na uwezo wa kuwa madume, na kwenye kundi yule mkubwa na mwenye nguvu ndiye anageuka jike. Wa pili yake anakuwa dume la kuzaa, wengine wanabaki wadogo wakisubiri zamu. Jike akifa, dume anapanda na kuwa jike. Sasa ukiwaweka wanne, wawili watajitenga na kushika eneo, kisha watawafukuza wale wengine mchana na usiku mpaka wakae kwenye kona ya juu, mapezi yamechanika, hawali. Tangi la kioo halina pa kukimbilia.

Chukua wawili wadogo, mmoja akiwa mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Rangi zinaweza kutofautiana, wenyewe hawajali. Siku za mwanzo mkubwa atamkimbiza mdogo, usiogope. Subiri uone mdogo akimwinamia ubavu na kutetemeka mwili mzima, kichwa hadi mkia, kwa sekunde chache. Anasema amekubali. Ukishaona mtetemeko huo, mara nyingi ndoa imefungwa. Usipouona, na mdogo anaonekana kuchakaa, watenganishe.

PeziLaAsili

Naheshimu ulichoandika mkuu, lakini kuna jambo umelipitia juujuu. Wafugaji wamechanganya ocellaris na percula, wakachanganya tena vizazi vyao, wakawapa majina mazuri. Leo mtu anauziwa samaki ambaye hakuna ajuaye babu yake ni nani. Na kwa kutafuta weupe zaidi, ndugu wamezalishwa na ndugu. Mimi nafuga ocellaris wa kawaida wa machungwa, na naona hao wa dizaini wanatufanya tusahau kwamba samaki aliyeumbwa na bahari ni mzuri tayari.

MamaMatumbawe

Mwanangu PeziLaAsili, nakuelewa, na kwa rekodi za ukoo niko upande wako kabisa. Nazalisha klauni, na kila jozi yangu ina daftari lake. Mfugaji asiyejua wazazi wa samaki wake asipewe hela ya mtu.

Ila tutenganishe mambo mawili. Rangi haivunji taya. Kinachovunja taya na kufupisha shavu ni kulea vibaya: vifaranga kubanana, chakula duni siku za kwanza, maji machafu, na juu ya hapo kuzalisha ndugu kwa ndugu. Hata ocellaris wa machungwa wa kuzalishwa anaweza kutoka na kasoro hizo. Mfugaji mwaminifu huwaondoa hao mapema. Mwenye tamaa huwauza, na hapo rangi ya dizaini humsaidia, maana mnunuzi anatazama weupe, hatazami shavu. Ndiyo maana nimefurahi mkuu ameanza na shavu.

Niwaeleze inavyokwenda ili mjue mnanunua nini. Jozi husafisha jiwe au kigae kwa midomo, jike hutaga mamia ya mayai ya rangi ya machungwa yaliyosimama wima, yameshikana chini kwa nyuzi. Dume ndiye mlezi. Huyapepea kwa mapezi ya kifuani, huyapitisha mdomo moja moja, na lililooza hulitoa. Siku zinavyokwenda mayai hukolea na kuwa ya kahawia, kisha unaanza kuona macho. Macho yakishang'aa rangi ya fedha, ujue usiku huo au unaofuata wataanguliwa, mara tu giza likishaingia. Kwa joto la nyuzi 27 ni karibu siku ya 7 au 8.

Kifaranga akitoka ni uzi wenye macho. Hawezi kula punje wala artemia, yaani vijikamba vidogo vya maji ya chumvi. Anataka rotifa, vijidudu ambavyo na vyenyewe vinalishwa mwani wa kijani. Hapo ndipo wengi huanguka: mayai wanayo, rotifa hawana. Tamaduni ya rotifa inatakiwa iwe imeiva kabla mayai hayajaanguliwa. Baadaye ndipo wanahamia artemia walioanguliwa siku hiyo hiyo. Baada ya siku 10 hivi au zaidi wanabadilika, wanatulia chini, na mkanda wa kichwani unaanza kuonekana, halafu wa katikati. Wa mkiani huja mwisho.

Chumvi35

Mama, shikamoo. Kwa hiyo mikanda iliyokatika katikati inatokana na hapo kwenye kubadilika?

MamaMatumbawe

Marahaba. Mara nyingi ndiyo. Mkanda uliokatika kwa samaki asiye wa dizaini huwa ni alama ya namna alivyopita kipindi hicho, ingawa ukoo nao unaweza kuchangia. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu percula wa Kimbe Bay, Papua New Guinea. Wadogo walioishi kwenye anemoni (mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma, ambaye klauni hujificha ndani yake) aina ya Stichodactyla gigantea walipata mikanda mapema kuliko walioishi kwenye Heteractis magnifica, na homoni za thairoidi zilihusika. Huyo ni wa baharini, hajaguswa na mfugaji. Kwa hiyo mkanda uliokatika haumpunguzii samaki afya. Ukiuziwa kwa punguzo, furahi.

PeziLaAsili

Nimekupata mama. Bado nitabaki na wa machungwa, lakini hoja ya kasoro kutokana na malezi nimeikubali.

MkaziWaMwamba

Pezi, niongeze moja. Kuchagua aliyezalishwa, awe wa machungwa au wa dizaini, ni kupunguza mkono unaokwenda mwambani. Ufilipino na Indonesia sianidi imetumika miaka mingi kuwalevya samaki wa mapambo ili wakamatwe kirahisi. Sumu hiyo inaua matumbawe, na samaki wenyewe huweza kufa baadaye bila mnunuzi kujua kwa nini. Klauni ni miongoni mwa samaki wa chumvi wa mwanzo kabisa kuzalishwa kibiashara, Marekani, mapema miaka ya 1970, na Martin Moe alikuwa miongoni mwa waliofungua njia. Ufundi upo zaidi ya nusu karne. Sioni sababu ya kumtoa klauni baharini kwa ajili ya tangi la sebuleni.

TaaBluu

Wakuu, mbona hamjagusa anemoni? Klauni bila anemoni ni nusu klauni. Tangi langu ni jipya, limemaliza tu kukomaa, na nataka niweke klauni na anemoni siku moja wazoeane.

MkaziWaMwamba

TaaBluu, hapo nakuomba usubiri. Klauni wa tangini hahitaji anemoni ili aishi. Baharini anemoni humlinda na wanaomla, na nyumbani kwako hakuna wa kumla. Wengi waliozalishwa hawajawahi kumwona anemoni hata mara moja, na ukiwawekea wanaweza kukaa miezi bila kumkaribia. Wengine huchagua tumbawe la Euphyllia, wengine kona ya pampu, wengine jiwe tupu wakalifanya kwao.

Anemoni mwenyewe ndiye mwenye masharti. Anataka mwanga mkali na tangi lililotulia, mimi nashauri nusu mwaka kwa uchache, na mwaka ni bora. Asiporidhika anatembea. Akitembea anachoma matumbawe kila anapopita, na akivutwa na pampu akasagika, maji ya tangi zima yanaweza kuharibika ndani ya saa chache na kuondoka na kila kitu. Mdomo wa kila pampu uwe na sponji au wavu kabla hujamleta.

Ukifika wakati huo, tafuta anemoni aina ya Entacmaea quadricolor aliyegawanyika kwenye tangi la mfugaji. Si mwenyeji wa asili wa ocellaris, lakini wengi humkubali, na ni mvumilivu kuliko wale wakubwa wa Stichodactyla na Heteractis.

TaaBluu

Nimeelewa mkuu. Nitasubiri.

Kipepeo_Bahari

Mkuu na Mama, kuna jambo limenitisha. Rafiki yangu alinunua jozi ya Snowflake, akaambiwa wamezalishwa, hawana ugonjwa, akawatia moja kwa moja kwenye tangi. Mmoja ametoa ute mweupe kichwani, anahema haraka, amekaa karibu na pampu. Ameshauriwa atie dawa ya shaba. Ni sawa?

MkaziWaMwamba

Asitie shaba kwenye tangi hilo, Kipepeo. Mwambie sasa hivi. Shaba inaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe huinyonya.

Na pengine shaba si dawa yake hata kidogo. Ute mzito unaobanduka kwa vipande, ukianzia kichwani na kwenye mashavu, ndiyo sura ya Brooklynella, ugonjwa unaowapenda sana klauni. Shaba haiutibu. Wafugaji wengi huutibu kwa bafu la formalini kwenye chombo cha pembeni chenye hewa ya kutosha, kwa kipimo cha kwenye chupa, mtu akivaa glavu na madirisha yakiwa wazi, kwa sababu mvuke wake ni hatari kwa binadamu. Baada ya bafu samaki hahamishiwi kwenye maji yaleyale aliyotoka.

Magonjwa mengine mawili watu huyachanganya na huo. Cryptocaryon hutoa punje nyeupe unazoweza kuzihesabu, mfano wa chumvi iliyomwagika, zinakuja na kupotea. Zikipotea usidhani amepona, mdudu ameshuka kwenye mchanga kuzaliana. Amyloodinium ni vumbi jembamba sana, mara nyingi huoni kitu mpaka umwangalie kwa mwanga wa pembeni. Samaki anahema, anakwepa taa, anaogelea kwenye mkondo wa pampu, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Hayo mawili ndiyo yanayotibiwa kwa shaba, kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe wala mchanga, huku ukipima kiwango kila siku kwa kipimo kinachoendana na dawa yenyewe.

Kuhusu kuambiwa hawana ugonjwa kwa sababu wamezalishwa: kwa mfugaji wanaweza kuwa safi kabisa. Lakini kati ya mfugaji na wewe kuna ghala la muuzaji, na pale maji ya matangi mengi yanazunguka pamoja, na tangi la jirani lina samaki aliyetoka baharini juzi. Karantini ni kwa kila samaki. Wiki 4 kwa uchache, tangi tupu, bomba la plastiki la kujifichia, hita, sponji iliyokwisha kuwa na bakteria.

MamaMatumbawe

Naunga mkono kila neno. Kipepeo, mwambie rafiki yako amtoe na mwenzake pia, hata kama anaonekana mzima. Tangi la matumbawe likae bila samaki yeyote. Ikithibitika kuna Cryptocaryon, wengi wetu tunalikalisha wiki 10 au 11 ndipo samaki warudi.

Chumvi35

Wakuu, langu ni jepesi. Nimekuwa na klauni mchanga wa jamii ya Darwin, alikuja wa kahawia yenye machungwa, sasa anakuwa mweusi. Na Snowflake wa jirani yangu naye ameongeza weusi. Ni ugonjwa?

MkaziWaMwamba

Hapana. Darwin huanza hivyo na kuiva kuwa mweusi kadiri anavyokua. Snowflake nao weusi huweza kuongezeka kwa miaka. Picha ya muuzaji ni ya siku moja, samaki akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo muulize mfugaji akuonyeshe wazazi. Sura ya wazazi ndiyo itakayokupa picha ya mbele.

Kipepeo_Bahari

Nimerudi. Rafiki yangu amewatoa wote wawili, wako kwenye tangi la pembeni, yule mgonjwa leo amekula kidogo.

Mimi nimesimama mbele ya samaki wawili hapa, nisaidieni haraka. Wa kwanza ni Platinum, mweupe ajabu, lakini shavu la kushoto naona wekundu hata akitulia. Wa pili ni Snowflake, mkanda wa katikati umekatika upande mmoja, mashavu yanafunga, na amekula punje tatu mbele yangu. Pia kuna wa kawaida wa machungwa, mdogo kuliko huyo Snowflake, naye amekula.

MkaziWaMwamba

Muache Platinum. Chukua Snowflake na huyo wa machungwa kama jozi yako. Mtazame wa machungwa uso kwa uso kwanza, kisha pande zote mbili za shavu.

Kipepeo_Bahari

Nimemtazama. Mdomo uko sawa, mashavu yote yanafunga.

MkaziWaMwamba

Basi waende karantini wote wawili pamoja. Pima chumvi ya maji ya mfuko kabla hujawafungulia, mara nyingi wauzaji huweka chini ya 35. Andaa tangi la karantini liwe na chumvi ile ile ya mfuko, kisha uipandishe polepole kwa siku kadhaa. Mifuko ielee mpaka joto lilingane, samaki watolewe kwa wavu, na maji ya mfuko yamwagwe kwenye sinki. Leo taa zizimwe, chakula kesho.